Persida, Aliyeiva Upande Mmoja

"Persida, mbona unaiva upande mmoja tu, kama pilipili hoho iliyosahauliwa juu ya jiko?"

Aliyeuliza ni jirani yetu Stanija. Tulikuwa shambani, majembe mikononi, mwezi wa saba, jua la saa nne asubuhi. Wanawake tulikuwa tisa. Sote tukamgeukia Persida, tukaona kweli: shavu la kulia jekundu kama limepakwa rangi, na upande wa kushoto, kuanzia shavuni kushuka shingoni mpaka ndani ya kola, mweupe kama jibini. Tukacheka.

"Basi nigeuze, mama Stanija," Persida akajibu, "usije ukanila mbichi."

Tukacheka zaidi, na yeye akacheka. Kisha akaweka jembe begani, akaondoka zake. Saa nne ya asubuhi, na mstari wake haujafika nusu!

"Huyo kaenda," Stanija akasema. "Malkia wa Kivulini."

Jina hilo likamganda zaidi ya miaka thelathini. Nami nililitumia kama wengine, ingawa nilikuwa rafiki yake, na ingawa mimi kuliko wote nilipaswa kujua. Naandika kwa sababu yaliyotokea siku ya Nabii Eliya sasa kila mtu anayasimulia anavyotaka, na katika masimulizi hayo mimi naonekana mwema. Sikuwa mwema. 

Mimi na Persida tulikaa dawati moja madarasa yote nane. Yeye alijua hesabu, mimi nilijua nyimbo za kanisani; tukasaidiana hivyo hivyo mpaka mwisho, maana baada ya hapo hakuna aliyetupeleka mbele. Akaolewa na Dobrivoje, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mpole wa sauti ndogo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, tulikuwa uani kwake tukichoma pilipili hoho za kutengenezea ajvar, ile rojo ya pilipili tunayoiweka kwenye chupa kwa majira ya baridi. Kwetu mwezi huo kila ua unatoa moshi, na hakuna mwanamke asiyenuka pilipili mpaka kwenye nywele. Persida alivaa koti la nailoni la kufanyia kazi, la bluu lenye maua madogo meupe. Wakati ule kila mwanamke alikuwa na koti kama lile. Akainama kuongeza kuni. Sikuona moto ulivyoanza. Niliona tu maua yakipotea mgongoni mwake, moja moja, halafu yote.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Palikuwa na blanketi la sufu limeanikwa kwenye uzio. Nikalinyakua, nikamrukia, nikamfunga nalo, tukaanguka wote wawili kwenye vumbi. Moto ukafa. Hospitalini walisema blanketi lile ndilo lililomwokoa. Kijiji kizima kikasema hivyo, na mama yake akanibusu mikono. Silisemi hili kwa kujisifu. Nalisema kwa sababu ya yatakayofuata.

Alikaa hospitali ya mjini miezi saba. Walichukua ngozi ya mapajani wakaitia viraka mgongoni, kifuani, tumboni, mkono wote wa kushoto, hadi shavuni. Aliporudi, hakuvaa tena mikono mifupi. Hata Slavena, binti yake aliyemzaa baadaye, alikua mpaka akaolewa bila kuuona mgongo wa mama yake.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa hivi. Saa kumi alfajiri, wakati sisi tunakoroma, Persida yuko shambani. Saa tatu, sisi ndio tunakunja mikono ya nguo, yeye anarudi nyumbani. Anashuka kwenye chumba cha chini kinapowekwa mapipa ya kabichi, haonekani mpaka saa kumi na moja jioni. Harusi za mwezi wa nane alikuja, akambusu bibi harusi, akaacha zawadi, akapotea kabla supu haijaletwa. Siku ya kukata nyasi hakuja kabisa. Watu waliona kazi yake imeisha kila siku, lakini hawakumwona akiifanya, na kwetu kazi isiyoonwa haihesabiwi kuwa kazi.

Siku moja ya kiangazi nilimkumbatia mlangoni mwa kanisa, kiganja changu kikaloa.

"Persida! Umeloa mgongo mzima!"

"Nyamaza. Nimevaa fulana iliyochovywa kisimani."

"Ndani ya kanisa?"

"Mungu ameshaniona, Nata. Wewe ndiye unayenipigia kelele."

Mara moja tu alinieleza vizuri. Tulikuwa kijitoni tukifua mazulia. Mimi nasugua kwenye jiwe, yeye amekaa majini na nguo zake zote, maji mpaka kifuani, kama nyati.

"Joto linaingia ndani yangu halina pa kutokea," akasema. "Nyie mkiona jua mnatoka jasho, mnaiva, basi. Mimi hapa kwenye viraka hakuna kitu. Nachemka ndani kama chungu chenye kifuniko."

Nilijibu nini? Nakumbuka neno kwa neno, na natamani nisingekumbuka. "Vumilia, shoga. Sote tunaona joto. Sali."

"Nasali," akasema. "Lakini nasali majini."

Nikacheka, nikaendelea kusugua zulia.

Kijiji chetu kinamsherehekea Nabii Eliya, tarehe mbili ya mwezi wa nane, jua likiwa kali kuliko siku zote za mwaka. Sherehe ina zamu, nyumba hadi nyumba. Mwenye zamu anaoka mkate mkubwa wa sikukuu, anaubeba kwa mikono yake miwili nyuma ya msalaba na bendera za kanisa, na kijiji kinamfuata kuzunguka mashamba: kutoka kanisani hadi chemchemi, kutoka chemchemi hadi msalaba wa mpakani, na kurudi hadi kwenye mwaloni ulio uani kwa kanisa. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa watu wasio na haraka. Mkate haupokezanwi. Mwenye zamu akishindwa, zamu inairuka nyumba yake. Kuna nyumba moja iliyorukwa kabla ya vita, na wajukuu wao bado wanasikia habari hiyo wakija dukani.

Miaka mitatu iliyopita zamu ilifika nyumba ya Dobrivoje. Dobrivoje mwenyewe alikuwa amefariki majira ya baridi. Slavena yuko Austria na wanawe. Alibaki Persida peke yake.

Stanija, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na mdomo wa miaka ishirini, akamwita kutoka kwenye uzio wake. "Malkia! Mkate utaubeba wewe, au utatuma kivuli?"

"Nitaubeba mwenyewe, mama Stanija. Wewe tafuta viatu vya kunifuatia."

Lakini aliogopa. Nilimwona. Alivaa nguo yake nzuri akaenda kwa padre Haralampije, ambaye ni kijana na anahudumia vijiji vitatu, akamwomba maandamano yaanze saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa nne. Padre akakubali papo hapo, akasema hata wazee watafurahi. Persida akarudi kwangu anakaribia kucheza.

"Nata! Saa moja na nusu nitakuwa nimemaliza! Jua bado litakuwa linanawa uso!"

Siku ilipofika, saa kumi na mbili kasoro, tulikuwa tumejaa uani kwa kanisa. Persida alivaa nguo nyeusi ya ujane, mikono mirefu, kola imefungwa, na chini yake fulana yake iliyolowa. Mkate ulikuwa mzuri mno. Juu yake alikuwa amesuka kwa unga mashuke ya ngano na kichala cha zabibu. Hata Stanija aliutazama muda mrefu asione kasoro.

Padre hakuja. Saa moja akapiga simu: kijiji cha juu mtu amefariki jana, na kwa joto hili maiti haiwezi kungoja, anazika kwanza, anakuja. Saa mbili. Saa tatu. Kivuli cha kanisa kikasogea, watu wakasogea nacho. Kipimajoto cha ukutani dukani kilisoma thelathini na tisa.

"Nenda nyumbani ukapumzike," nikamwambia. "Akija nitakuita."

"Nikitoka hapa watasema nimekimbia."

"Nani atasema?"

Akanionyesha kwa kidevu. Stanija alikuwa kwenye benchi mbele yetu, anajipepea na leso, anatabasamu.

Padre alifika saa tano na dakika kumi, vumbi mpaka magotini, anaomba msamaha kwa kila mtu. Nikamgusa Persida mgongoni kama kwa kumtia moyo. Fulana ilikuwa imekauka zamani.

Tukaondoka tukiimba. Mimi nilitembea nyuma yake hatua mbili. Naomba msomaji anisikilize hapa, maana niliyaona yote kwa macho yangu na sikuyaelewa. Chemchemini kila mtu alikimbilia maji. Mikono ya Persida ilikuwa na mkate. Yangu ilikuwa mitupu. Nikanywa, nikajimwagia kichwani, nikalowesha kitambaa changu nikajifunga tena, nikafurahi. Sikumpelekea hata kiganja kimoja. Haikunijia. Yeye alisimama juani anatutazama.

Kwenye msalaba wa mpakani nikamwangalia usoni. Shavu la kulia halikuwa jekundu tena, lilikuwa la zambarau. La kushoto jeupe vilevile. Sisi wote tulikuwa tunachuruzika, nguo zimetugandia. Yeye hata tone chini ya pua hakuwa nalo.

"Umeiva, Malkia," nikamtania. Mungu anisamehe, nilimtania. "Nigeuze?"

Alinitazama kama hanijui.

Tulifika kwenye mwaloni. Padre akafungua kitabu. Persida akanigeukia na kusema taratibu, sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Nata, nani amewasha jiko?"

"Jiko gani?"

"Zima jiko. Koti langu."

Na akaanguka.

Mkate ukaanguka naye, ukajiviringisha kwenye vumbi, ukapasuka. Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu ila padre katika kitubio. Mikono ya kwanza ilikwenda kwenye mkate. Watu sita au saba waliinama kuuokota mkate uliobarikiwa kabla ya yeyote kumwinamia Persida. Na mikono ya kwanza kabisa ilikuwa yangu.

Tukambeba hadi kwenye ukumbi wa kanisa tunakofanyia karamu. Meza zilikuwa zimeshaandaliwa. Ukumbi una madirisha sita na milango miwili inayotazamana, na yote ilikuwa wazi. Na sisi wanawake tulifanya nini? Tuliyafunga. Hatukuambizana. Kila mmoja alikimbilia dirisha lake. Sisi upepo unaopita kati ya dirisha na mlango tunauogopa kuliko nyoka: unageuza shingo, unapindisha mdomo, unaingia kwenye figo. Mama zetu walituambia, na mama zao waliwaambia. Mtu ameanguka, mwili moto, na upepo unapita juu yake? Funga!

Tukamlaza kwenye benchi. Meno yalikuwa yakigongana. Stanija akasema, "Anatetemeka, ana baridi huyo, homa imempanda." Mtu akaleta rakia, pombe yetu kali ya matunda, wakamsugua viganja na paji la uso. Mimi nikatazama huku na huku, nikaona kwenye benchi la wageni wa heshima zulia la sufu lililofumwa kwa mkono, zito, jekundu. Nikalivuta. Nikamfunika nalo mpaka kidevuni, nikaliingiza chini ya mabega yake pande zote mbili, vizuri, kama anavyofunikwa mtoto. Nikasema, "Nimekushika, Persida. Nimekufunika." Nilikuwa nalia kwa huruma. Kwa mikono hii hii nilimwokoa kwa blanketi alipokuwa na miaka ishirini na mbili, na nikaamini namwokoa tena.

Padre alikuwa mlangoni na simu sikioni. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, dakika arobaini. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa anamuuliza maswali, padre anatuuliza sisi, mpaka akachoka, akaiweka simu mezani sauti juu.

"Anatoka jasho?" sauti ikauliza.

"Hapana," nikasema. "Mkavu kama karatasi."

"Anajitambua?"

"Anaongea na marehemu mumewe."

"Ana ugonjwa wowote? Amewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Aliungua zamani. Mgongo, kifua, tumbo, mkono. Walimtia ngozi nyingine."

Sauti ikabadilika, ikawa ya haraka. Kisha: "Amefunikwa?"

"Ndiyo, tumemfunika vizuri."

"Mfunueni! Sasa hivi! Mvueni nguo zote, fungueni madirisha na milango, mmwagieni maji baridi na mmpepee. Msisubiri gari. Mnanisikia? Mkisubiri atakufa."

Hakuna aliyesogea. Nasema kweli: hakuna. Tulitazamana kama tumeambiwa tumtupe motoni.

"Binti," Stanija akaiambia simu, "huyu ana moto mwilini. Nikimfungulia upepo atapooza."

"Bibi, upepo hautamuua. Joto lililo ndani yake linamuua sasa, wakati wewe unaongea nami."

Sijui niliipata wapi nguvu. Nikalivuta zulia nililolichomeka mwenyewe. Chini yake palikuwa na joto kama unapofungua tanuri. Nikashika kola yake, nikasita. Miaka thelathini na kitu hakuna aliyeona. Wanaume walikuwa wamejaa ukumbini.

"Tokeni nje!" padre akapiga kelele. Sikujua kama ana sauti ile. Wakatoka wakisukumana.

Nikapasua kola. Vifungo vikaruka. Na hapo tukaona, wanawake kumi na wawili tuliomwita Malkia wa Kivulini. Mapajani na shavu la kulia alikuwa mwekundu kama nyama. Lakini kifua, tumbo na mkono vilikuwa vyeupe, vinang'aa, vimekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Nikaweka kiganja pale peupe. Palikuwa pa moto kama kwingine, lakini pakavu, na damu haikuonekana kabisa kuja juu. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti.

"Maji!" nikasema. "Maji yako wapi?"

Kisima kiko chini ya kilima. Ndani ya ukumbi palikuwa na chupa za soda na sufuria kubwa la shaba, lita hamsini, yale maji padre aliyoyabariki kabla hatujaondoka, kila nyumba iende nayo chupa moja ya mwaka mzima. Nikalitazama. Nikamtazama padre, ambaye alisimama ametugeuzia mgongo.

"Baba, hapa kuna maji ya baraka tu."

"Basi mwageni!" akasema bila kugeuka. "Mwageni yote! Mlidhani ni ya nini?"

Tukamwaga. Kwa bakuli, kwa vikombe vya kahawa, kwa mikono. Na dirisha la kwanza, naapa, alilifungua Stanija. Kitasa kilikuwa kimekwama kwa jinsi tulivyolibamiza dirisha, akakipiga kwa kiatu mpaka kioo kikalia. Upepo ukaingia kutoka mlimani, ukapita juu ya Persida aliyelowa, ukatokea mlango wa pili. Wanawake wawili wakajifunika masikio kwa mazoea. Stanija akang'oa kitambaa cha plastiki cha mezani, sahani zikaanguka na kuvunjika, akaanza kumpepea kwa mikono miwili, miaka themanini, anapiga kama anafukuza ndege shambani.

"Usife, mpuuzi wee!" alikuwa anamwambia. "Usinifie mimi! Nani atanijibu ukifa?"

Dakika arobaini. Sufuria lilipokwisha, wanaume walikuwa wamejipanga kutoka kisimani hadi mlangoni, wanapitisha ndoo, wanaziweka kizingitini macho yakiangalia pembeni. Gari lilipofika, mhudumu akampima: arobaini na moja nukta tatu, na hiyo ni baada ya maji yote yale. Akauliza nani alianza kummwagia. Hakuna aliyejibu, maana kujibu kungekuwa kusema pia nani alimfunika.

Alilazwa siku kumi na moja. Figo zilisumbua, zikarudi. Siku ya nne nikaruhusiwa kumwona, naye alikuwa amelala. Daktari, msichana wa umri wa Slavena, alinikuta nimekaa kando ya kitanda nimeshika mfuko wa pichi. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, ni mimi niliyemfunika.

Hakunigombeza. Akauchukua mkono wangu, akaubonyeza kwa kidole hapa juu ya kiwiko. Pakawa peupe. Akaachia, pakarudi rangi yake.

"Umeona damu inavyorudi?" akasema. "Joto la ndani ya mwili linasafiri na damu, mama. Ukipata joto, mishipa midogo ya ngozi inafunguka, damu nyingi inakuja juu, ndiyo maana unaiva. Inafika kwenye ngozi, inapoteza joto hewani, inarudi ndani imepoa. Jasho likikauka linaondoa zaidi. Ukipata baridi, mishipa inajifunga, damu inabaki ndani, unakuwa mweupe. Ngozi yako ndiyo madirisha yako."

Kisha akainua shuka kidogo, akaubonyeza mkono wa Persida wenye viraka. Hapakubadilika kitu. Peupe kabla, peupe baada.

"Ngozi ya kubandika haifunguki kama ile ya asili. Na vinyweleo vya jasho vimeungua vyote. Yeye ana nusu ya madirisha. Nusu nyingine yamepigiliwa misumari. Nyie mnapotembea juani saa moja, yeye ni kama amefungiwa ndani ya nyumba hiyo. Alikuwa anajikinga vizuri sana, miaka yote hii. Alfajiri, chumba cha chini, nguo zenye maji. Nani alimfundisha?"

"Hakuna," nikasema. "Sisi tulimcheka."

Akalirudisha shuka mahali pake, akaondoka. Nikakaa na mkono wangu, nikaubonyeza, nikaachia, nikaubonyeza tena. Miaka hamsini na kitu nimekuwa na ngozi hii, nikiioga, nikiivisha, na sikujua inafanya kazi gani. Persida alijua bila kufundishwa. Aliniambia kijitoni, kwa maneno mepesi kuliko ya daktari. Chungu chenye kifuniko. Na mimi nikaenda kumwongezea kifuniko cha sufu.

Alirudi nyumbani kabla ya mwezi wa tisa. Tulikwenda kumwona Jumapili: mimi, padre na Stanija. Madirisha yote ya nyumba yake yalikuwa wazi, mbele na nyuma, pazia linapepea kama bendera. Stanija aliingia, akasita, akafunga kitambaa chake vizuri juu ya masikio, akakaa katikati ya ule upepo ameshika taya kwa mkono kama mtu anayeumwa jino. Hakuomba dirisha lifungwe.

"Umekonda," akamwambia Persida.

"Nimeiva sana, mama Stanija. Nilikaribia kuungua chini."

Stanija akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe.

Nami nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa zulia, kwa chemchemi, kwa mkate, kwa kila kitu, nikachanganya yote. Persida akanivuta niinuke. "Mara ya kwanza ulinifunika ukaniokoa," akasema. "Ungejuaje? Kaa, kahawa inapoa."

Padre akasema kwamba wazee wamekubaliana zamu ya nyumba yake haikurukwa. Mkate ulifika kwenye mwaloni, na ulivyofika ni shauri la Mungu. Persida akafunga macho kidogo. Kisha padre akamuuliza kama kuna jambo lolote anataka lisemwe kanisani, mbele ya watu wote, maana kila mtu anauliza amsaidie nini. Sisi tulidhani ataomba ibada ya kumkumbuka Dobrivoje, au mtu wa kumchumia pilipili mwaka huu.

Akafikiri, anatazama pazia. Halafu akasema, na padre akayasoma Jumapili iliyofuata kama yalivyo:

"Maandamano yaanze saa kumi na mbili asubuhi, padre akiwepo au asiwepo. Na nikianguka tena, msinifunike. Nivueni, nimwagieni maji, na mfungue madirisha."